Mstari Kwenye Kifuniko

Kazi yangu ni kuhesabu mayai. Si ya kuku, na nawahi kulisema hilo kwa sababu hapa Bigwa ninapoishi, nikitaja kazi yangu, jirani wa kwanza hucheka na wa pili huniuliza kama naweza kumletea trei moja Jumamosi. Mayai yangu ni ya utitiri, vidudu vya miguu minane, ndugu wa buibui na kupe. Ni wadogo mno. Ukiwaona kwa macho matupu utadhani mtu amemwaga pilipili ya kusaga chini ya jani. Ninafanya kazi kwenye maabara ya chuo pale Morogoro mjini, naangalia kwenye hadubini kuanzia asubuhi, mkono wa kushoto ukibofya kidude cha kuhesabia. Jioni nikifumba macho bado naona mayai.

Mama yangu ni mkulima wa Mgeta, huko juu milimani, na kazi hii hakuielewa kwa muda mrefu, au alijifanya haielewi ili apate la kusema. Baada ya misa, wanawake wenzake walipomuuliza habari zangu, aliwajibu, "Yupo mjini, anafuga wadudu." Wakicheka aliongeza, "Mimi nawaua huku, yeye anawafuga kule. Sasa nyie niambieni, tutamalizana lini?"

Nieleze kwanza kuhusu maharage, maana bila hayo sina cha kusimulia. Ni maharage ya kutambaa, yanapanda mti mpaka yanakuzidi kimo, na punje zake ni nyeupe zenye madoa ya zambarau upande mmoja tu, ule wenye kitovu. Bibi mzaa mama aliyapata kwa mama yake. Kwetu Uluguru ardhi hufuata upande wa kike. Baba anaweza kulima hadi mgongo upinde, lakini shamba ni la ukoo wa mama, na katika familia yetu mbegu hii ilikwenda pamoja na shamba, kutoka mwanamke mmoja hadi binti yake. Dukani hayana jina. Sisi tunayaita maharage ya bibi, na mchuzi wake ni mzito hata bila nazi. Nilipokuwa darasa la nne niliugua malaria hadi nikalazwa, na chakula cha kwanza kilichokubali kukaa tumboni kilikuwa mchuzi huo. Mama alinilisha kwa kijiko huku akinisimanga kwamba nimekonda kwa makusudi ili nisitumwe maji.

Kijijini wengine wote waliacha kuyapanda. Yanachelewa kukomaa, yanataka miti ya kutambalia, na wenye malori yanayopeleka mboga Dar hawayaulizi. Mama peke yake aliyashikilia. Kuna mwaka alikuwa na dumu zima la mbegu, lile dumu la mafuta ya kula linaloonyesha ndani, na mwaka huo nilimwomba viganja viwili nipande kwenye vyungu vya maabara. Majani yake ni mapana na laini, na utitiri wanayapenda kupita kiasi, wala hawakuacha mmea hata mmoja ufike kuzaa mbegu. Alinipa, akasema bibi angefufuka kwa hasira kama angejua mbegu yake inakwenda kulisha wadudu. Mwaka uliofuata mvua ilinyesha wakati wa kuvuna, mengi yakaoza ndani ya maganda, na yaliyosalia yakatobolewa na fukusi. Kwa hiyo kiangazi kilichofuata, wakati wa kilimo cha mifereji, mama alipanda kila punje nzima aliyokuwa nayo. Hakubakiza hata kiganja.

"Haya yakishindwa," aliniambia kwenye simu, "ndiyo basi tena. Sina pa kwenda kuomba."

Niliitikia kwa mdomo tu. Nilikuwa na mayai ya kuhesabu.

Wakati huo huo maabara ilikuwa na swali jipya. Mtafiti ninayemfanyia kazi, mama mmoja mtaratibu tunayemwita Dokta, hakutaka kujua dawa inaua utitiri wangapi. Hilo lilikuwa linajulikana. Alitaka kujua kinachowapata wale wasiokufa. Dawa ikipulizwa shambani haifiki kila mahali kwa ukali uleule. Chini ya jani, walikojificha, inafika kidogo. Baada ya siku kadhaa jua linaipunguza. Na wakulima wengine wanaipunguza wenyewe kabla haijaingia kwenye bomba la kupulizia. Basi nilikata vipande vya majani, nikavilaza juu ya pamba yenye maji ndani ya visahani vya plastiki, nikawahamishia majike mmoja mmoja kwa brashi nyembamba kama unywele. Visahani vingine vilipata maji matupu, vingine dozi kamili ya kwenye lebo, na katikati vikapata dozi hafifu, zikishuka hatua kwa hatua.

Kwenye visahani vya dozi hafifu niliandika neno moja kwa kalamu ya wino: *onja*.

Neno hilo ni la mama. Wakulima wengine wanasema wamepiga dawa, yeye husema amewaonjesha. "Jana niliwaonjesha kidogo wale wa kwenye nyanya," anasema, kama mwenye nyumba aliyewapelekea wageni mchuzi wa kuonja kabla chakula hakijaiva. Nilimsimulia Dokta, akacheka hadi akavua miwani, na tangu siku hiyo maabara nzima ikawa inasema onja ya kwanza, onja ya pili, onja ya tatu. Nilijisikia mtu wa maana. Nilikuwa napenda kuwaeleza wanafunzi wanaokuja kujifunza: mkulima wetu anaihurumia sumu, anadhani ukimpa mdudu kidogo atakufa kidogo. Wao wanacheka, nami nainua kidevu.

Majibu yalipoanza kuonekana, nilidhani nimekosea. Kwenye dozi kamili majike wengi walikufa, na waliobaki walijikokota bila nguvu ya kutaga. Kwenye maji matupu walitaga kwa kawaida yao. Kwenye moja ya zile onja walitaga zaidi ya wale wa maji matupu. Nikarudia kuhesabu. Nikabadilisha majani, nikabadilisha visahani, nikamwomba mwenzangu ahesabu bila kujua anahesabu kipi. Ilikuwa vilevile. Mayai yalianguliwa, mabinti wakakua katika siku chache, nao wakaanza kutaga, na jani la onja likajaa utando na vumbi jekundu mapema kuliko yote.

Dokta alinionya nisilipayuke hilo ovyo. Si kila dawa, alisema, wala si kila dozi hafifu, na kisahani si shamba. Lakini dawa hii, kwa kipimo hiki, badala ya kuwapunguza inawachochea.

"Kwa nini?" nilimuuliza.

"Mwili ukiguswa na hatari ndogo, wakati mwingine unajihimu," alisema. "Ni kama unaharakisha kuacha watoto. Mengine bado hatujui."

Nilifurahi. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo, kwamba nilifurahi. Nilitoka nje nikanunua muwa wa vipande, nikala nimesimama jua kali, nikijiona nimegundua kitu.

Siku chache baadaye mama alinipigia simu. Sauti yake ilikuwa ya chini, na mama si mtu wa sauti ya chini.

"Maharage yanapauka," alisema. "Majani yamekuwa na vidoa vyeupe, halafu yanakuwa kama yameunguzwa. Nimewaonjesha mara tatu sasa. Naona kama kila nikiwaonjesha wanazidi."

Nilikuwa nimeshika kisahani mkononi. Niliangalia neno nililoandika juu ya kifuniko chake: *onja*.

"Mama, usipulize tena," nilisema. "Usipulize chochote. Nakuja."

Nilipanda Mgeta Jumamosi, nikamaliza kwa miguu ile njia ya mwinuko inayonikumbusha kila mara kwamba nimekuwa mtu wa kukaa kwenye kiti. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Mimi nina hasira za karibu, nimezirithi, na hofu ikinishika huwa inatokea mdomoni kama ukali.

Mama alikuwa shambani, kanga kiunoni, kilemba kimekaa upande. Shamba letu ni matuta yaliyokatwa kwenye mteremko, moja chini ya lingine, na mfereji unapita juu. Kwenye matuta ya juu maharage yalikuwa yamepanda miti vizuri, yamefika kimo cha kutoa maua, halafu yakasimama hapo, rangi ya majani makavu ya chai. Utando ulikuwa umefunga jani na jani. Niliposhika tawi moja, kidole kikabaki na wekundu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekuja kuwaona wanao?"

Alitania, lakini macho hayakucheka. Nikamtazama jinsi alivyopungua mabega na badala ya kumkumbatia nikaanza kufoka. Nilimwambia dozi ndogo haisaidii, inadhuru. Nilimwambia nimeona kwa macho yangu, nimehesabu mwenyewe, kwamba anapowaonjesha anawapa nguvu ya kuzaa. Nilimwambia lebo ya dawa haikuandikwa kwa bahati mbaya. Nilimuuliza ni nani alimfundisha kupunja dawa, kama ni mwenye duka, kama ni jirani, maana mtu huyo ndiye aliyemmalizia mbegu ya bibi. Nilisema yote hayo nimesimama katikati ya tuta kama mkaguzi wa shule.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho, kama anavyomsikiliza padri. Kisha akaenda kwenye banda la mbuzi, akaingiza mkono kwenye tundu la ukuta anapoficha vitu vya dawa ili visichanganyike na vya jikoni, akarudi na kifuniko. Kilikuwa kifuniko kirefu cheupe cha chupa ya dawa, kimegeuka manjano kwa uzee. Akaninyooshea.

"Soma," alisema. Mama kusoma anajua vizuri tu.

Katikati ya kifuniko, kwa nje, kulikuwa na mstari uliokwaruzwa kwa msumari, na juu ya mstari neno moja lenye herufi zilizolala upande: *mwisho*.

Mwandiko ulikuwa wangu.

Nilikuwa nimesahau kabisa, na sasa yalinijia yote pamoja, hadi harufu. Nilikuwa kidato cha pili, nimekuja likizo. Baba alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Mama alikuwa amepuliza dawa kwenye kabichi mchana kutwa, bila kitu usoni, upepo ukimrudishia, na aliporudi nyumbani alitapika mlangoni, akalala kwenye mkeka na kitambaa chenye maji juu ya macho. Nilikaa karibu yake nikimpepea kwa daftari. Nilikuwa nimebakiwa na mzazi mmoja, na huyo mmoja alikuwa anahema vibaya. Kesho yake, alipoweza kuketi, nilichukua kile kifuniko anachopimia, nikatafuta msumari, nikachora mstari nusu ya kimo chake. Nikamwambia kuanzia leo dawa isivuke hapa. Nilidhani sumu ikiwa nusu na madhara yatakuwa nusu, kwake na kwa mdudu sawasawa. Mama alikipokea, akakigeuzageuza, akasema, "Haya mama, basi tutakuwa tunawaonjesha tu."

Neno lenyewe nililolicheka na wanafunzi lilizaliwa siku hiyo, kwa ajili yangu.

"Mama," nilianza.

"Usianze kulia shambani, utaongeza chumvi kwenye udongo," alisema. "Niambie tunafanya nini."

Sikujua tunafanya nini. Kazi yangu ilikuwa kuhesabu, haikuwa kuokoa. Nikatoa lenzi yangu ya mkononi, kwa kuwa ndicho kitu pekee nilichojua kukitumia, nikaanza kugeuza majani, tuta baada ya tuta, nikishuka. Matuta ya juu yalikuwa mabaya yote. Ya katikati mabaya. Nilipofika matuta mawili ya chini kabisa, karibu na chemchemi, nikasimama. Yale maharage yalikuwa ya kijani. Si kwamba hayakuwa na utitiri, walikuwepo, lakini wachache, na katikati yao walikuwa wanakimbia vidudu vingine vyenye rangi ya maji ya mchele, wepesi wa miguu. Mmoja alikuwa amelikumbatia yai la utitiri analinyonya.

"Hapa ulipuliza lini?" nilimpigia kelele mama.

"Hapo sijawahi kupuliza hata siku moja," alijibu kutoka juu. "Maji ya kunywa tunachota hapo. Nina wazimu?"

Nikakaa chini kwenye majani. Nikamwita, nikampa lenzi, nikamwonyesha. Nilimweleza kwamba wale weupe wanakula utitiri, na kwamba wao ndio dawa inawamaliza kwanza. Huku juu aliwaonjesha wote wawili. Utitiri wakapata nguvu ya kutaga, na walinzi wao wakafa. Mama aliangalia muda mrefu, jicho moja limefumbwa, mdomo wazi kidogo.

"Kwa hiyo hawa walikuwa wananisaidia," alisema, "na mimi hata salamu siwapi."

Nilipiga simu kazini nikaomba wiki moja. Dokta aliuliza kuna msiba? Nikasema bado.

Tulifanya kazi wiki hiyo kama vichaa. Majani yaliyokwisha tuliyakata, tukayatia kwenye gunia na kuyafukia mbali. Matuta yaliyokuwa na matumaini tuliyaogesha. Sina neno jingine. Tulichota maji ya mfereji kwa ndoo, na kwa kitambaa laini tukapangusa chini ya jani moja moja, tukivunja utando, asubuhi na tena kabla jua halijazama. Jirani aliyepita njia ya juu alisimama akashika kiuno.

"Shoga, mnayaogesha maharage?"

"Ndiyo," mama alijibu bila kuinua kichwa. "Na tukimaliza tunayapaka mafuta."

Kisha mimi nilifanya jambo la maabara. Nilishuka chini kwenye chemchemi, nikachuma majani yenye walinzi weupe wengi, nikayapandisha kwenye ungo polepole kana kwamba nimebeba uji wa moto, na kuyafunga kwa uzi kwenye mimea ya juu iliyokuwa bado hai. Mama aliwaongoza kwa maneno. "Karibuni," aliwaambia. "Kuleni mshibe. Mimi ni yuleyule, lakini nimeacha."

Ilikuwa siku ya tatu au ya nne, tunapangusa kwenye matuta mawili yanayofuatana, yeye juu mimi chini, hatutazamani. Nikasema nilichokuwa nimekimeza tangu Jumamosi.

"Mama, nisamehe. Ni mimi niliyekuharibia."

Nilisikia kitambaa chake kinapita kwenye jani.

"Nilijua," alisema.

"Ulijua nini?"

"Kwamba haitoshi. Miaka mingi najua. Mtu umepuliza leo, wiki ijayo wamo tele, utakosa kujua? Mwenye duka aliniambia kifuniko kizima, mimi naweka nusu. Jirani yangu alikuwa ananicheka."

"Sasa kwa nini uliendelea?"

Alisuuza kitambaa, akakikamua. "Kila nikimimina, nikifika kwenye ule mstari nakuona wewe na daftari lako, unanipepea. Baba yako hayupo, wewe uko shuleni, baadaye uko mjini. Nyumbani hakuna mtu wa kuniambia mama inatosha. Ni kile kifuniko tu. Sasa nikivuka mstari, nani tena ataniambia?"

Nililia, na chumvi ikaenda kwenye udongo, na hakunikataza. Nilifikiria miaka yote hiyo, yeye peke yake na bomba mgongoni, anasimama kwenye alama ya mtoto. Nilifikiria pia kwamba alikuwa anakohoa kidogo kuliko wenzake wa rika lake, na sikujua kama niseme nusu ile ilimlinda au la. Hilo sina kisahani cha kulipimia.

"Nilikuwa nakuogopea," nilisema.

"Najua. Ndiyo maana sikukitupa."

Niliporudi kazini nilimwambia Dokta kwamba yule mkulima anayeihurumia sumu nilikuwa mimi. Alinisikiliza, akavua miwani kama siku ile, lakini hakucheka. Aliniambia niongeze visahani vya walinzi weupe kwenye jaribio, tuone onja inawafanya nini na wao. Nikaviongeza. Neno onja bado naliandika juu ya visahani, ila wanafunzi wakiuliza lilitoka wapi, nawasimulia tangu kwenye mkeka na daftari.

Matuta ya juu hatukuyaokoa. Yalikauka yakiwa yamesimama, na mama aling'oa miti yake mmoja mmoja. Katikati palipona mimea michache, hapa mmoja na pale mwingine, ile niliyoifungia majani ya walinzi na mingine ambayo sijui ilipona kwa nini. Matuta mawili ya chemchemi yalizaa yote. Kila Jumapili mama alinipigia simu kunihesabia maganda, akikosea kwa makusudi ili nimsahihishe, mtu asiyeyaona.

Nilipanda tena Mgeta wakati wa kuvuna. Tulikaa uani kwenye mkeka, maganda makavu katikati yetu, tunapukuchua. Ganda likipasuka punje zinaruka, zile nyeupe zenye madoa upande wa kitovu, na mama alizifuata zote hata zilizoingia chini ya kinu. Hatukupika hata moja. Tulikula ugali na kabichi, tunayatazama maharage kama wageni wa heshima.

Tulipomaliza, aliyachanganya na majivu, akaleta lile dumu linaloonyesha ndani, akamimina kwa mkono uliokunjwa kama faneli. Miaka mingine yalifika shingoni. Safari hii yalifunika kitako na kupanda kidogo tu, vidole viwili, labda vitatu. Akalitikisa, akasikiliza.

"Yanatosha?" niliuliza.

"Kula hayatoshi," alisema. "Kupanda yanatosha."

Akainuka, akaenda kwenye banda la mbuzi. Aliporudi alikuwa na msumari. Kile kifuniko nilikuwa nacho mimi tayari, kimeoshwa mara nyingi, nimekifunga kwenye mfuko, nakwenda nacho mjini. Alikuwa amekataa kabisa nikitupe.

"Chora," alisema, akaliinamisha dumu kwangu. "Hapo yalipofika."

Nikachora mstari kwenye plastiki, nikafuata usawa wa punje. Nikainua msumari niandike kitu, nikasita, na mama akaniona nimesita.

"Safari hii usiniandikie mwisho," alisema. "Andika anzia hapa."

Nikaandika. Herufi zililala upande, kama zile za kwanza.